SHATI LIKICHANIKA, ASILAUMIWE MFUAJI PEKE YAKE

Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Nami naongeza: ukiona shati la shule lachanika mgongoni kabla mwaka haujaisha, jua halikuundwa vizuri. Lakini kila muhula tunaambiwa paredi kwamba sisi wanafunzi hatujui kufua. Mwenye shati bovu hurudishwa nyumbani, na mzazi anayengoja malipo ya miwa au bonasi ya majani chai hulazimika kununua lingine. Je, hiyo ni haki? Mimi napinga.

Tuanze mwanzo. Pamba ikishachumwa hupelekwa kwenye kinu ili nyuzi zitenganishwe na mbegu. Kuna vinu vya rola, ambavyo huvuta nyuzi polepole, na kuna vya misumeno, ambavyo ni vya haraka lakini hukata nyuzi zaidi, hasa pamba ikikaushwa kupita kiasi. Unyuzi wa pamba ya kawaida una urefu wa milimita 28 hivi. Ukikatika ukawa chini ya milimita 13 huhesabiwa kuwa mfupi. Uzi wenye nyuzi fupi nyingi ni dhaifu kwa maana nyuzi zenyewe hazishikani, na ncha zake hutokeza nje. Ukisugua, zinang'oka na kwenda na maji. Ndiyo maana shati linazidi kuwa jepesi hadi unaona mkono wako upande wa pili!

Kiwanda kinachojali huchana pamba na kutoa nyuzi fupi kabla ya kusokota. Kazi hiyo ina gharama, basi kitambaa cha bei ya chini hakifanyiwi.

Jambo la ajabu ni kwamba pamba ikilowa huwa na nguvu kuliko ikiwa kavu. Kwa hivyo maji si adui. Adui ni brashi ngumu juu ya jiwe, na dawa ya klorini ikizidi, kwani hiyo hula pamba yenyewe, si uchafu peke yake. Hapo nasi wanafunzi tuna wajibu. Tuloweke kola kwanza, dawa tuipunguze kwa maji mengi, halafu tusuuze vizuri.

Wengine watasema, "Si mnunue poliesta, inadumu!" Kweli inadumu. Lakini hapa Soin si kule juu kwenye baridi ya majani chai. Jua letu ni kali, na poliesta hainywi jasho. Mchanganyiko wa poliesta na pamba una nafuu, ila pamba mbaya ikiisha ndani yake, unabaki na kitambaa chembamba chenye vidonge vidonge.

Zamani viwanda vya nguo havikuwa mbali nasi. KICOMI ya Kisumu ilianguka miaka ya 1990. Rivatex ya Eldoret, iliyoanza 1976, ilifungwa mwaka 2000, na Chuo Kikuu cha Moi kikainunua mwaka 2007. Majirani zetu wa nyanda za Nyando wamewahi kulima pamba, lakini sisi tunavaa kitambaa ambacho hata muuzaji hajui kimetoka wapi. Sasa tumwulize nani?

Maoni yangu ni haya. Kwanza, kabla shule haijachagua kitambaa, kamati ikate kipande, ikifue mara kumi, kisha ikiinue kwenye mwanga. Kikionyesha matundu, kikataliwe hata kama ni rahisi. Pili, wazazi waruhusiwe kununua popote mradi rangi ni ile ile. Tatu, asirudishwe mtu nyumbani kwa sababu ya shati lililoshonwa kiraka safi. Kiraka hakimzuii mtu kuelewa hesabu.

Penye wazee haliharibiki neno. Walimu na wazazi wetu, neno ndilo hilo.