KABLA HUJANUNUA GRINDA MPYA YA KAHAWA SOMA HAPA: MASTAA WANATUINGIZA MJINI!

Leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Leo nina dukuduku, limenikaa kooni wiki ya pili sasa, nisipolitoa litanipasua.

Kuna dada mmoja mjini hapa, jina kapuni, anakaa pande za Mbezi Beach, mnamjua kwa kope na magauni. Juzi katupia video yuko jikoni kwake, nyuma yake mashine ya espreso inang'aa mpaka inaumiza macho, na pembeni kasimamisha mashine mpya ya kusagia kahawa, nyeusi, ndefu kama mtungi wa gesi. Hiyo ni ya tatu ndani ya miaka miwili, sisi tunaomfuatilia tumehesabu. Kisha akatupa somo: ukiona kahawa unayojitengenezea nyumbani haina ladha, tatizo ni grinda yako ya bei rahisi, na mwanamke anayejipenda haendelei nayo. Chini ya video, namba ya muuzaji.

Komenti zikamiminika. Dada nimetamani, dada bei gani, dada wanatuma Mbagala? Huyo wa Mbagala ni mimi. Ndiyo, mimi mwenyewe ninayewaandikia hapa. Ndiyo maana nina hasira, maana nusura niingie mkenge kweupe.

Kwa wasiojua, huku kwetu Rangi Tatu ukisema grinda watu wanawaza fundi wa mageti na cheche zake. Hii ninayosema ni ya kahawa. Mimi ninayo ndogo ya umeme, niliinunua mtumba, ina mwaka wa tatu jikoni. Na mashine ndogo ya espreso ninayo. Sijifichi, kahawa naipenda, ndiyo starehe yangu pekee, bia sinywi na saluni naenda kwa msimu.

Sasa miezi ya karibuni kahawa yangu ilikuwa imeharibika. Nikiwasha mashine, maji yanapita mbio, sekunde 10 kikombe kimejaa, kitu chembamba kama chai ya msibani, povu hakuna, ladha kama umelamba karatasi. Ndipo ikaja ile video. Nikajisemea, kumbe ni grinda! Nikampigia muuzaji. Akasema 950,000, kwa sababu nimetokea kwa dada basi 900,000. Na mimi wiki hiyohiyo zamu yangu ya kikoba ilikuwa imefika. Hela ile ilikuwa na kazi yake: bati za nyumba ya mama Muheza, masika yanakuja na chumba anacholala kinavuja. Wadau, nilikaa kitandani na simu mkononi nikijishawishi kwamba mama anaweza kusubiri mpaka vuli. Mama yangu mzazi asubirie mashine ya kahawa!

Niwe mkweli, yule dada hakudanganya kila kitu. Kusaga ni nusu ya kazi. Espreso inatengenezwa kwa kusukuma maji ya moto kwa nguvu kubwa, takribani mara 9 ya msukumo wa hewa ya kawaida, yapite kwenye unga wa kahawa ulioshindiliwa. Kipimo wanachoanzia wengi ni gramu 18 za unga, zitoke gramu 36 za kahawa, ndani ya sekunde 25 hadi 30. Unga ukiwa mkubwa, maji yanapita bila kuchukua kitu, unapata uchachu na wepesi. Ukiwa laini mno, maji yanakwama, unapata uchungu wa mkaa. Ukiwa mchanganyiko, mwingine vumbi mwingine chenga, unapata vyote viwili kwenye kikombe kimoja. Ndiyo maana zile mashine zenye kisu kinachozunguka kama blenda hazifai kwa espreso, zinakatakata tu hovyo. Inayofaa ni yenye meno, yaani vyuma viwili vinavyotazamana, buni inapita katikati, na wewe unasogeza nafasi kati yake ili kuongeza au kupunguza ulaini.

Mpaka hapo tuko pamoja. Uongo unaanzia pale anaposema ladha mbaya ni sawasawa na mashine ya bei rahisi. Hapo ndipo tunapoingizwa mjini.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja anayepita na dele mtaani kwetu jioni. Siku hiyo nilimpelekea ule mfuko wangu wa kahawa, wa kutoka Italia, una picha nzuri kweli. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, hebu nusa hii, mbona hainipi ladha?" Akaitikia, akanusa mara moja tu, akanirudishia. "Mwanangu, hii imekaangwa lini?"

Nikageuza mfuko. Kuna tarehe ya mwisho wa kutumia, ya kukaangwa hakuna. Na mimi nilikuwa nimeufungua tangu kabla ya Ramadhani, nafunga na klipu ya nguo.

Akacheka. "Hii ilishakufa. Hata ukiisaga kwa dhahabu, maiti ni maiti."

Jamani, mzee yule hana mashine hata moja. Ana kikaango, kinu na mchi. Buni anakaanga mwenyewe, anatwanga, anaweka tangawizi, na watu wanagombania vikombe vyake kwenye bao. Anachokijua yeye, dada yetu wa Mbezi hajakisema kwenye video hata moja kati ya zile tatu: kahawa ni kitu kibichi kama mboga. Ikishakaangwa inaanza kupoteza harufu, ikishasagwa inapoteza haraka zaidi. Espreso ndiyo inaumbuka kuliko zote, maana lile povu la rangi ya kahawia linatokana na hewa iliyobaki ndani ya buni baada ya kukaangwa. Hewa ikishatoka, hakuna povu, na maji yanapita mbio. Yaani dalili zilezile zangu!

Nikarudi nyumbani nikachomoa grinda kwenye umeme, nikaifungua. Mungu wangu! Meno yamegandiwa na mafuta meusi ya miaka mitatu, unga wa zamani umejibana pembeni kama ugoro. Nikasugua kwa brashi kavu, maji sikugusa. Kesho yake nikanunua robo kilo ya kahawa ya Mbinga, imeandikwa tarehe, ilikuwa na siku 9 tangu kukaangwa. Nikasogeza namba ya ulaini, ambayo nakiri sikuwahi kuigusa tangu siku nanunua, naogopa kuharibu. Kikombe cha kwanza kilikwama, nikarudisha kidogo. Cha pili sekunde 28. Povu hilo! Nikakaa chini nikanywa peke yangu, aibu na raha pamoja.

Gharama yote: robo kilo ya kahawa na brashi. Bati za mama zilishapanda basi, zimepigwa, na mvua ya kwanza imenyesha akiwa amelala.

Haya sasa turudi kwa mastaa. Nina maswali, nayauliza kwa upendo tu.

La kwanza, mbona hamsemi mkipewa vitu bure? Kama mashine umeletewa ili uitangaze, tuambie ni tangazo. Hakuna ubaya, kila mtu anatafuta ugali. Ubaya ni kujifanya unatupa ushauri wa dada kwa wadogo zake, kumbe kila mmoja wetu akilipia kuna chako. Mtu wa Tandika hana mtu wa kumletea bure. Yeye anakwenda kuchukua mkopo wa kausha damu ili afanane na wewe, halafu wiki inayofuata wanambebea televisheni.

La pili, mnakunywa kweli? Kuna msanii mmoja wa Kinondoni, naye jina kapuni, jikoni kwake ana mtambo ambao ungefaa hotelini. Ndege wangu aliyefika pale ananiambia ule mtambo umefunikwa kitambaa cha vitambaa, na mwenyewe asubuhi anakoroga kahawa ya kopo na maziwa ya unga. Sio dhambi, hata mimi ya kopo nakunywa. Ila usinipandishe presha kwa kitu ambacho kwako ni pambo la kupigia picha.

La tatu, ndilo linaloniuma zaidi. Mbona kwenye video zote mfuko ni wa Ulaya? Hii nchi inalima kahawa, wadau! Kilimanjaro, Arusha, Mbinga, Mbozi, Kigoma wanatoa arabika. Kagera wanatoa robusta. Wachaga walianzisha ushirika wao wa kahawa, KNCU, mwaka 1933, babu zetu wanajua thamani ya buni kabla hizo kope hazijabuniwa. Wahaya kahawa wanaitafuna toka enzi za mababu, mgeni akiingia anapewa kwa heshima. Na sehemu kubwa ya mavuno yetu inapanda meli, inakaangwa huko, nyingine inaturudia imezeeka ndani ya mfuko wenye picha, ndiyo hiyo staa anaipigia picha. Halafu lawama anatupiwa grinda wa watu!

Najua kuna watakaosema mi nina wivu, hela ni zake. Sawa, hela ni zake, anunue hata kumi. Mimi siongelei hela zake, naongelea zetu. Na sisemi grinda isibadilishwe milele. Ila jiulize haya kwanza.

Unayo ya kisu kama blenda? Badilisha, hapo sibishani, haitakupa espreso. Unayo ya meno? Basi isafishe, nunua kahawa yenye tarehe ya kukaangwa ya wiki chache tu, pima kwa mizani, na kaa nayo mwezi mzima. Kama bado namba moja inakupa sekunde 15 na inayofuata inakupa 45, hakuna katikati, basi mashine yako kweli imefika mwisho wa uwezo wake kwa espreso. Kama imesaga miaka mingi na meno yamekuwa butu, uliza kwanza kama meno yanauzwa peke yake. Wenye mashine za kusaga na kukoboa mnaona wanavyofanya, chekeche ikichakaa wanabadilisha chekeche, hawanunui mtambo mpya.

Na ukiamua kununua, angalia zile za kuzungusha kwa mkono. Hela inakwenda kwenye meno badala ya kwenda kwenye mota na taa za kung'aa, kwa hiyo ya mkono iliyo nzuri inasaga sawa na ya umeme ya bei kubwa zaidi. Unachoka mkono kidogo, ila umeme ukikatika wewe unaendelea kusaga. Na hao wanaoletewa na shangazi kutoka Marekani, soma kwanza mgongoni mwa mashine. Kule umeme wao ni volti 120, sisi ni 230. Ukichomeka hivyohivyo, moshi utakaotoka hautakuwa wa kahawa.

Nimemaliza. Yule dada wa Mbezi kama unasoma, na najua unasoma, sikuchukii. Siku ukipita Rangi Tatu karibu kwangu, nitakusagia ya Mbinga kwa kigrinda changu cha mtumba, unywe, halafu uniambie mbele ya kamera tatizo liko wapi. Namba ya muuzaji sitaweka. Yule mzee wa dele hana namba, anapita saa 11 jioni.

Haya wadau, wewe ungefanyaje, bati au grinda? Nani kati yenu alishanunua kitu kwa ajili ya video ya staa, na leo kimefunikwa kitambaa? Tiririkeni hapo chini. Povu ruksa, ila liwe la kahawa.