Jalada ni la Mtoto

Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa nchini mwaka 2019, watoto wetu wana majalada shuleni: humo huwekwa insha, michoro na kazi za mikono, mwalimu apate kutazama walikotoka na walikofika.

Sisi tuliosoma chuoni twaiona heri yake. Ubao wetu ulioshwa kila tulipohifadhi, makosa yakaenda na maji, na habari za kila mtoto zikabaki kichwani mwa maalim peke yake. Jalada halioshwi. Herufi zilizopinda za Januari hukaa kando ya zile za Julai, na mwalimu huona pa kumsaidia mwanafunzi.

Lakini, enyi mama zetu, tumeona majalada yang'aayo kupita kiasi: mchoro ni wa kaka, ukili umesukwa na nyanya, insha imechapwa kwa kulipiwa. Huko ni kughushi, ijapokuwa nia ni huruma. Mtoto asiyejua kuandika ataonekana ajua, naye hatasaidiwa. Keti naye, muulize, mwelekeze; kalamu ishike yeye. Na jalada lirudipo mwisho wa muhula, lifungueni pamoja kabla hujauliza alama.