Kabla hujatuma kikompyuta nyumbani

Jamani, leo nakiri kosa langu.

Nilimtumia mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo aliyekuwa anamalizia chuo Tanga, kompyuta ndogo ya mezani. Ni zile zinazofungwa nyuma ya monita maofisini hapa London, ukubwa wa kitabu kinene, kilo moja na kidogo. Kazini walikuwa wanazitoa, nami nikaona nimepata zawadi ya bure. Kila nikiuliza, jibu ni lile lile: “Nzuri sana dada, asante.”

Nilipokwenda likizo nikaikuta juu ya kabati la sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Ripoti yake ya chuo aliiandika steshenari, kwa kulipia. Kumbe mashine haina betri. Umeme ulikatika mara mbili, kazi yote ikapotea. Tundu la nyuma ni DisplayPort, monita aliyoazima ni ya VGA. Halafu prosesa ni i5-6500T, kizazi cha 6, wakati Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha 8, ukitoa chache za cha 7. Aliona haya kuniambia.

Sisi huku tunapenda kutuma. Kuuliza, hatuulizi.

Hata hivyo, bado nasema kikompyuta hiki ni zawadi nzuri kuliko laptop ya bei chee, kwa sababu kinafunguka. ThinkCentre M720q unatoa skrubu moja tu, ndani kuna nafasi mbili za RAM, na SSD unabadilisha mwenyewe. Fundi wa mtaani anaimudu. Mac mini ya 2024 ni ndogo zaidi, sentimita 12.7 kwa 12.7, na ina kasi kweli, ila RAM uliyoinunua siku ya kwanza ndiyo utakayozeeka nayo.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma, soma namba ya prosesa. i5-8500T ni kizazi cha 8: chukua. i5-7500T: acha, maana msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Uliza ana monita gani, ununue waya unaolingana. Usisahau adapta yake. Plagi ya Uingereza inaingia Tanzania bila shida. Na tenga hela ya UPS. Bila UPS, yaani umetuma pambo.

Mimi nimeanza upya: mashine ya kizazi cha 8 iliyotumika, RAM GB 16, na UPS tumenunua huko huko Tanga. Juzi kanitumia ujumbe: “Dada, feni inapiga kelele, na kibodi uliyoleta siipendi.”

Nilifurahi kuliko zile asante zote.