Pedeli ya Breki Iliyokatika: Fundi, Maabara na Ukuta Uliopo Kati Yao

Leo naomba radhi kwa kuanza na pikipiki. Waliozoea kusoma hapa mijadala ya bajeti, katiba na elimu wanivumilie kidogo, maana mwisho wa safari tutafika hukohuko.

Marehemu baba yangu, aliyekuwa bwana shamba, aliniachia pikipiki aina ya Honda CB 125 iliyoundwa miaka ya 1970. Nilipokuwa Uingereza kwa masomo ya uzamivu, niliwahi kufika Ace Cafe, mgahawa ulio kando ya barabara ya North Circular jijini London. Katika miaka ya 1950 na 1960 vijana walikusanyika pale na pikipiki walizozibadili kwa mikono yao wenyewe. Walishusha usukani, wakahamisha vikanyagio kwenda nyuma na juu, ili mwendeshaji ainamie tangi, upepo usimpige kifuani, na pikipiki iweze kulala kwenye kona bila vikanyagio kukwangua lami. Nilirudi nyumbani na tamaa hiyo. Mwaka jana, nikiwa mtu mzima ambaye mgongo wake ungemshauri vinginevyo, niliipeleka Honda ya baba kwa fundi mmoja wa Gerezani, Dar es Salaam.

Asiyeijua kazi hii anaweza kudhani ni suala la kutoboa matundu mapya kwenye fremu. Sivyo. Vikanyagio vikihama, pedeli ya breki na pedeli ya gia lazima zihame navyo. Ukiigeuza pedeli ya gia itazame nyuma kwenye ekseli yake ileile, mpangilio wote unapinduka: ulipozoea kukanyaga chini kwa gia ya kwanza, sasa unapaswa kunyanyua juu. Fundi wangu aliliona hilo kabla sijafungua kinywa. Aliweka pedeli mpya pembeni mwa kikanyagio kipya, akaiunganisha na ekseli ya gia kwa fito jembamba, na kuhakikisha kwamba mikono miwili inayoshikwa na fito hilo inatazama upande mmoja. Gia zikabaki kama zilivyokuwa.

Kwenye breki alinifundisha zaidi. Pedeli ya zamani ilikuwa na sentimita 20 kutoka kwenye mhimili hadi unapokanyaga, na sentimita 5 kutoka kwenye mhimili hadi tundu la fito la breki. Mahali papya hapakuwa na nafasi ya pedeli ndefu kuliko sentimita 12. Fundi alichora kwa chaki sakafuni, akapima kwa rula ya chuma, akatoboa tundu la fito sentimita 3 tu kutoka kwenye mhimili. Ishirini kwa tano ni nne. Kumi na mbili kwa tatu ni nne. Nguvu ya mguu ingebaki kuzidishwa mara nne kama mwanzo. Hakuandika mlinganyo wowote. Nilipomuuliza alijuaje, alinijibu, "Mwalimu, ukisogeza huku lazima ulipe kule." Hiyo ndiyo kanuni ya wenzo, imesemwa kwa ufupi kuliko nilivyofundishwa mimi sekondari.

Alianza na vielelezo vya boksi la karatasi, akavijaribisha kwenye fremu, akahakikisha kwamba mkono wa kiki unapita bila kugonga kikanyagio cha kulia. Kisha akaviyeyusha pistoni mbovu na mabaki ya alumini, akamimina kwenye kalibu za mchanga, akapiga tupa na kung'arisha. Nilitamba navyo kwa wiki tano.

Wiki ya sita, nikiteremka kilima kidogo karibu na nyumbani, nilikanyaga breki ya nyuma na mguu ukaenda chini bila kizuizi. Pedeli ilikuwa imekatika kwenye tundu la mhimili. Breki ya mbele iliniokoa, nikaishia mtaroni na viganja vilivyochubuka. Sikuwa nimepakia mtu. Watoto wa shule walikuwa wamevuka barabara dakika moja kabla.

Nilirudi Gerezani nikiwa na hasira. Fundi alikigeuza kipande kwenye mwanga. Ndani ya mkato mlikuwa na vitundu vidogo kama vya andazi. Hakujitetea. Alisema, "Alumini hii siijui ukoo wake. Kwa macho nzuri, ndani sijui. Ningekuwa na wa kunipimia, ningempa kwanza kabla sijakupa wewe." Kisha akatengeneza pedeli nyingine kwa bamba la chuma, nzito na isiyo na urembo, bila kunidai senti.

Kauli ile haikunitoka akilini, kwa sababu mimi ninafanya kazi mahali ambapo kipimo alichokihitaji kinafanyika. Katika vyuo vyetu vya uhandisi zipo mashine za kuvuta kipande cha metali hadi kikatike na kuonyesha kimehimili nguvu kiasi gani. Nilikwenda kwenye maabara moja ya namna hiyo na vipande vyangu mkononi. Nikaambiwa niandike barua, nieleze mradi wa utafiti, nitaje chanzo cha fedha. Nilipoeleza kwamba mwenye haja ni fundi wa mtaani, mhusika alitabasamu kwa upole. Hapakuwa na utaratibu wa kumpokea mtu kama huyo.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Tumezoea kujadili mafundi wetu kwa namna mbili, na zote mbili zinapotosha. Wapo wanaowadharau, wakiwaita wababaishaji. Wapo wanaowasifu kupita kiasi, wakiwaita wabunifu kila inapofika siku ya maonyesho, kisha wanawasahau. Fundi wangu hakuwa mbabaishaji. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Wala sifa zisingeizuia pedeli isikatike. Alichokosa si akili wala ubunifu. Alikosa kipimo, na kipimo kilikuwa umbali wa safari moja ya daladala.

Turejee kidogo kwa wale vijana wa London. Wao pia walianzia vibandani. Walichukua injini ya Triumph, wakaipachika kwenye fremu ya Norton, wakaiita Triton. Lakini kazi yao ilipata mahali pa kujaribiwa. Mwaka 1965 Dave Degens, mmoja wa waundaji hao, alishinda mashindano ya saa 24 ya Montjuïc huko Barcelona kwa Triton aliyoiunda mwenyewe. Paul Dunstall, aliyeanza kwa kuifua Norton yake ya mbio, aliishia kuuza vipuri vyake kwa katalogi. Uwanja wa mbio ulikuwa maabara yao: kipuri dhaifu kilijulikana, kikarekebishwa, ndipo kikauzwa.

Je, maabara ya fundi wa Gerezani ni ipi? Ni barabara, na kipande kinachojaribiwa ni mwili wa mwendeshaji na wa abiria wake. Tusidhani haya ni mambo ya watu wachache wenye pikipiki za kale. Kila siku nchini mwetu kuna bodaboda inayoongezewa kikanyagio cha abiria, inayounganishwa pedeli iliyopinda, inayochomelewa keria ya kubebea magunia. Vipuri hivyo vinabeba uhai wa watu, na hakuna anayevipima mpaka vikatike.

Kuna watakaonikumbusha kwamba VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na kwamba SIDO ipo tangu 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Ni kweli, na ni mambo mema. Lakini cheti kinamthibitisha mtu; hakikithibitishi kipande alichokimimina jana kwa mabaki asiyoyajua. Fundi mwenye cheti na fundi asiye nacho wote wanatazama alumini ileile kwa macho yaleyale.

Pendekezo langu ni dogo. Kila chuo chenye maabara ya metali kitenge siku moja kwa wiki kuwapokea mafundi. Fundi alete kipande, mwanafunzi wa uhandisi akipime chini ya usimamizi, na zoezi hilo lihesabiwe kwenye alama zake. Majibu yaandikwe kwa Kiswahili, ukurasa mmoja: kimehimili kiasi gani, kimekatikia wapi, kwa nini. Mwanafunzi atapata tatizo la kweli badala ya sampuli iliyonunuliwa kwa ajili ya mtihani. Fundi atapata jicho la ndani.

Zipo hofu mbili. Vyuo vitaogopa lawama kipuri kilichopimwa kikija kukatika; lakini taarifa ya kipimo si dhamana, na sheria inaweza kulisema hilo waziwazi. Mafundi nao wataogopa kwamba mwenye kalamu amekuja kwa ajili ya kodi. Hofu hii ni nzito zaidi, na haitaondoka kwa matamko. Ndiyo maana siku hiyo isiambatane na fomu za usajili wala maofisa wa idara nyingine. Fundi aulizwe jambo moja tu: kipande hiki kitafanya kazi gani?

Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alilalamikia elimu inayomfanya kijana aamini kwamba maarifa yote yenye thamani yamo vitabuni na kwa waliosoma. Zaidi ya nusu karne baadaye nimejikuta mlangoni pa maabara, daktari wa falsafa, nikiwa nimebeba swali bora kuliko mengi ninayoyasahihisha kwenye tasnifu, na swali hilo halikuwa langu. Lilikuwa la fundi. Nilirudishwa nalo.

Pedeli ya chuma bado inafanya kazi. Ile iliyokatika ipo juu ya meza yangu ofisini. Mwanafunzi yeyote wa uhandisi anayeihitaji kwa kipimo anakaribishwa kuichukua.