Beseni la Bafuni na Elimu Yetu



Natoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo, nalo ni beseni la kunawia linapokataa kupitisha maji upesi.

Kwetu beseni la bafuni lilianza kusumbua mwezi wa Januari. Maji yalisimama, yakashuka polepole, yakaacha utando wa kijivu. Lawama zote zilimwangukia dada yangu. Ikasemwa kwamba nywele zake ndizo zilizoziba bomba, na kwa miezi mitano hakuchana nywele hata siku moja bila kuulizwa amezitupa wapi zilizong'oka. Fundi aliitwa mara mbili. Kila mara alimimina kostiki soda, akapokea shilingi 15,000, akaenda zake. Maji yakapita vizuri kwa majuma mawili, kisha yakarudia hali yake. Mara ya pili tone liliruka likamwunguza Mama mkononi, na alama ipo hata leo.

Hapo ndipo nilipokasirika, wala si kwa fundi peke yake. Mimi niko Kidato cha Tatu. Nimefundishwa kwamba kostiki soda ikiingia majini hutoa joto kali, kwamba hugeuza mafuta kuwa sabuni na kuyeyusha nywele, na kwamba hula alumini na kutoa gesi ya haidrojeni. Hayo yote niliyaandika katika mtihani nikapata alama nzuri. Lakini siku ile nilisimama mlangoni nikitazama dawa ikimiminwa nyumbani kwetu, nisimwambie Mama hata neno moja la kumtaka asogee.

Likizo ya Juni nilimwomba Baba ruhusa ya kulifungua bomba. Alisita, akasema kazi ya fundi ni ya fundi. Nikamjibu, "Baba, nikishindwa nitalifunga kama lilivyokuwa." Akakubali.

Chini ya beseni lipo bomba lililopindwa kama shingo ya bata. Mpindo ule umewekwa makusudi, ili maji kidogo yabaki humo siku zote na kuzuia harufu ya shimo la maji machafu isipande nyumbani. Alexander Cumming, fundi wa saa wa London, alipata hataza ya choo chenye mpindo wa namna hiyo mwaka 1775. Basi kwa kuwa maji hukaa pale, na takataka hutulia pale pale. Niliweka ndoo chini, nikavaa glavu za mpira kwa hofu ya masalio ya dawa, nikazilegeza kwa mkono nati mbili za plastiki. Sikuhitaji hata spana. (Nakiri kosa moja: ndoo ilipojaa niliimwaga katika beseni lile lile, na miguu yangu ikalowa.)

Likatoka tope jeusi lenye utelezi, sabuni iliyogandamana na chokaa ya maji yetu ya kisima, na ndani yake vinyweleo vifupi, vigumu, vingi mno. Nywele ndefu hazikufika kumi. Dada alichukua kijiti akavitenga vile vifupi juu ya gazeti kuukuu, kama karani apangaye ushahidi mahakamani. Zilikuwa ndevu. Na nyumbani kwetu anyoaye ndevu ni mtu mmoja tu.

Wako watakaosema kwamba kazi ya mwanafunzi ni vitabu. Nawapinga. Mabeseni ya maabara yetu yana mipindo hiyo hiyo. Kipindi kimoja tu, mbele ya mwalimu, kingetosha kila mwanafunzi, mvulana kwa msichana, afungue mmoja kwa mkono wake na kuufunga tena usivuje. Pia tungeonyeshwa kutumia ule mpira wenye mpini, na kwamba lazima kwanza kuziba kwa kitambaa kibichi lile tundu la juu la beseni, la sivyo nguvu yote hupotelea hapo. Tungejua kwamba siki na magadi ya kuokea hutoa povu la kupendeza macho, lakini vitu hivyo viwili huuana nguvu. Na wazazi wetu wangeonywa wasichanganye kabisa tindikali na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, maana hutoka gesi iumizayo mapafu. Mambo haya yamo katika madaftari yetu, nayo madaftari tunayafungia sandukuni.

Baba alilitazama lile gazeti kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama nati nimezikaza sawasawa. Asubuhi yake alichukua karai na kioo akaenda kunyolea uani, na maji akayamwaga mwenyewe kwenye mgomba. Dada alikuwa dirishani akichana nywele.