Mwindaji na Jangili

Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini mtu aweza kuliona jambo akakaa nalo miaka zaidi ya thelathini asilielewe. Ilinibidi nifike Marekani, nikiwa mzee wa kutembelea fimbo, ndipo nilielewe jambo lililotokea mlangoni pa ofisi yangu mwaka 1983.

Mwezi wa Novemba 2019 nilikuwa mjini Rochester, katika jimbo la Minnesota, kumtembelea mwanangu anayefanya kazi huko. Yeye na rafiki zake watatu, Mtanzania mmoja, Mkenya mmoja na Mmarekani mmoja, walikuwa wamezoea kuwinda katika jimbo lao. Mwaka ule, kwa mara ya kwanza, waliamua kuvuka mpaka wa jimbo na kuwinda Wisconsin, katika shamba la mjomba wa yule Mmarekani. "Baba, twende ukaone," mwanangu alinisihi. Nilikataa mara mbili. Kwangu mimi mtu mwenye bunduki porini alikuwa na sura mbili tu: ama ni tajiri wa kigeni aliyekuja kutafuta pembe za kutundika ukutani, ama ni jangili. Mwanangu hakuwa tajiri, na sikutaka kumwona akiwa jangili. Mara ya tatu nilikubali.

Hebu kwanza tuelewane juu ya jina la mnyama. Walichowinda si swala wala kulungu wetu, ingawa wafasiri humwita hivyo. Dume wa kwao huangusha pembe zake kila mwaka baada ya majira ya kuwinda, na zikaota upya. Kulungu wetu akiangusha pembe ujue amekufa. Mnyama wa ukoo huo hatunaye kusini mwa Sahara. Mimi nitamwita paa, maana ndilo jina alilozoea mwanangu, na msomaji anisamehe.

Tulivuka mto Mississippi kwa daraja la Wabasha, tukaingia wilaya ya Buffalo. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshangazwa na wingi wa masharti. Wisconsin humtaka kila aliyezaliwa kuanzia mwaka 1973 awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Leseni ilikuwa dola 24 kwa mwenyeji wa jimbo na dola 160 kwa mgeni, na vijana wangu walikuwa wageni. Msimu ni wa siku tisa. Kila mwindaji huvaa nguo ya rangi kali ya chungwa au ya waridi ili mwenzake asimdhanie mnyama. Anayeua humwandikisha mnyama wake kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku ya pili. Kuvusha mpaka wa jimbo mnyama aliyeuawa kinyume cha sheria ni kosa la taifa zima, chini ya Sheria ya Lacey ya mwaka 1900. Nilidhani masharti hayo yangewachukiza. La hasha. Waliyazungumza kama wanafunzi wazuri wanavyozungumzia kanuni za mpira: ndiyo yaliyoufanya mchezo uwe wao.

Alfajiri ya Jumamosi tarehe 23 nilipandishwa juu ya kichanja kilichofungwa mtini. Nilipokaa nilitabasamu gizani. Lilikuwa dungu! Dungu lile lile ambalo watu wa Rufiji hulalia wakilinda mpunga. Tofauti ilikuwa baridi, ambayo sitaieleza, maana hataniamini asiyeionja. Tulikaa kimya saa mbili, mimi na yule Mkenya. Ndipo paa jike akatoka kwenye mabua ya mahindi, akasimama. Mlio ulikuwa mmoja. Mnyama alikimbia hatua chache, akaanguka.

Yule kijana hakushangilia. Tuliposhuka aliniambia, "Mwalimu, mimi nimezaliwa nchi yenye wanyama kushinda hii, na sijawahi kuonja hata mmoja." Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na yeye alikuwa hajazaliwa. Tulimtoa mnyama matumbo pale pale. Jioni walikaa kwenye banda la mjomba wakiitoa nyama kwenye mifupa, maana Minnesota hairuhusu mzoga mzima wa paa kuingizwa kutoka jimbo jingine, kwa hofu ya ugonjwa wa kudhoofika uliogunduliwa Wisconsin mwaka 2002. Kila nyumba ilipata fungu lake. Mwanangu aliniletea bakuli la mchuzi, nikashindwa kumeza. Aliuliza kama kuna kasoro. Nilimwambia ni meno tu.

Haikuwa meno. Ilikuwa harufu ya mwaka 1983.

Mwaka huo nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja pembezoni mwa Pori la Akiba la Selous. Nilikuwa kijana, nimetoka chuo cha ualimu miaka michache nyuma, na niliamini kila kilichoandikwa kwa kalamu ya serikali. Mtoto mmoja wa darasa la sita alikuja na kipande cha nyama kavu ndani ya karatasi. Nilimwuliza ni nyama gani. Kwa kuwa nilikuwa nimemfundisha kusema kweli, alisema kweli: baba yake alitega, akapata swala. Niliandika barua kwa afisa wa wanyamapori. Baba yule alifungwa miaka miwili. Mtoto aliacha shule kabla ya mwezi kwisha, akawa yeye ndiye mwenye jembe. Katika taarifa yangu ya mwaka niliandika kwamba shule inashiriki kikamilifu katika kulinda maliasili. Nilipongezwa.

Sasa nawauliza wale wanaotuhubiria kila siku juu ya majangili: kati ya baba yule na vijana niliokaa nao Wisconsin, tofauti iko wapi? Wote waliua mnyama asiyeelekea kwisha. Wote walikula, na watoto wao wakala. Wala baba yule hakuuza hata mfupa. Tofauti ni kwamba mmoja alipewa mlango wa kuingilia, na mwingine alikuta ukuta. Mtaniambia Sheria ya mwaka 1974 ilikuwa na leseni. Naam, ilikuwa nayo. Lakini leseni hutaka bunduki halali, na bunduki hutaka fedha na kibali kingine, na ofisi iko mjini, siku nzima ya safari. Mtego alioujua ulikuwa haramu. Mlango uliowekwa juu ya mti si mlango kwa asiye na ngazi.

Nao ukuta huo hatukuujenga sisi. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya wanyamapori na kutenga hifadhi. Waingereza wakaja, na mwaka 1922 wakaliita pori kwa jina la Frederick Selous, mwindaji aliyeuawa vitani Behobeho mwaka 1917. Fikirini: pori lililokatazwa kwa wawindaji wenyeji likapewa jina la mwindaji mgeni! Katika miaka ya 1940 watu wengi wa Liwale walihamishwa kwa sababu ya malale. Wazee wa kijiji changu walikuwa wakinionyesha kwa kidole upande yalikobaki makaburi ya babu zao. Mbung'o hawakuwaruhusu kufuga ng'ombe, sheria haikuwaruhusu kuwinda, na usiku nguruwe na nyani walikula mashamba yao. Kisha mimi, mla mshahara, nikasimama mbele ya watoto wao kuwafundisha faida za vyakula vya kujenga mwili.

Najua nitakayojibiwa. Kwanza, kwamba tukifungua mlango wanyama watakwisha. Hoja hii ni nzito, na walioshuhudia tembo wakiteketezwa hadi ikabidi iendeshwe Operesheni Uhai mwaka 1989 wana haki ya kuogopa. Lakini tembo hawakumalizwa na kitoweo. Walimalizwa na biashara ya pembe, yenye silaha za kivita na wanunuzi wa mbali. Marekani nayo ilipita njia hiyo: biashara ya nyama na ngozi iliwapunguza paa hadi wakakadiriwa kuwa kama laki tano tu mwanzoni mwa karne ya 20. Leo wanakadiriwa kufika milioni 30. Hawakuokolewa kwa kumfungia mwananchi nje. Walipiga marufuku kuuza, wakaruhusu kula kwa msimu na kwa hesabu. Tangu mwaka 1937 kodi ya bunduki ndefu na risasi, asilimia 11, hurudi kwenye kutunza wanyama. Wisconsin pekee zaidi ya watu laki tano hukata leseni ya paa kwa mwaka. Hao ndio walinzi laki tano. Ni nani angethubutu kuweka mitego ya waya katikati yao?

Pili nitaambiwa Marekani si mbinguni. Kweli kabisa. Wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Wisconsin, Waojibwe, walibakiza haki yao ya kuwinda katika mikataba ya 1837 na 1842, kisha wakakamatwa kama majangili katika ardhi ya babu zao. Ilibidi mahakama ya rufaa iseme kwamba haki hiyo ingali hai. Iliyasema hayo mwaka 1983. Mwaka ule ule ng'ambo ya bahari hakimu akifungua mlango, mimi nilikuwa nikiandika barua.

Tatu, kwamba mambo yamekwisha badilika: tuna jumuiya za hifadhi za vijiji, na mwaka 2020 zilitungwa kanuni za mabucha ya nyamapori. Nashukuru kwa yote mawili. Lakini bucha ni kumwuzia mtu alichokuwa nacho shambani mwake, na gawio la watalii likifika kijijini huwa darasa au zahanati, si kitoweo. Ninachodai ni kidogo na ni wazi: kaya iliyo jirani na pori ipewe kibali cha kitoweo, kwa bei ya jogoo, kwa wanyama walio wengi, kwa msimu na kwa idadi. Kitolewe kijijini, anayepewa afundishwe, mnyama aandikishwe, na anayeuza nyama anyang'anywe kibali. Anayekula kwa haki ndiye atakayekuwa wa kwanza kumtaja mwizi.

Mwanangu huniuliza kwenye simu kama nitarudi kuwinda nao. Namwambia magoti hayataki tena kupanda dungu. Sijamwambia habari za yule mtoto wa darasa la sita, ambaye kama yu hai sasa anavuka miaka hamsini. Nilimfundisha kusema kweli, naye akanitii. Haya ninayoandika ni zamu yangu.