Ajifunzaye Baisikeli Asishikwe

Enyi wanafunzi, katika vijiji vya Uwemba, kama katika vijiji vingi vya nchi hii, mtoto apatapo ruhusa ya kujifunza baisikeli ya babaye, mara nyingi mambo huwa hivi. Mmoja hushika kiti nyuma, wa pili hushika usukani, na wengine hukimbia kando wakipiga kelele. Mwenye kujifunza huketi katikati kama bwana arusi. Wale washikaji wachokapo humwachia, naye huanguka papo hapo, na watu wote hucheka. Maoni yetu ni kwamba desturi hii haifai. Wamtaka ajue, kumbe wamemzuia asijue.

Sababu ni hii. Baisikeli iendayo haisimami kwa nguvu za mpandaji, wala kwa kukaa kwake kimya. Husimama kwa kuwa mpandaji huigeuza kidogo kidogo kuelekea upande ule inakotaka kuangukia. Ikiinama kushoto, usukani hugeuzwa kushoto kidogo, magurudumu hurudi chini ya mwili wake, nayo huinuka tena. Ikiinama kulia, hugeuzwa kulia vivyo hivyo. Mgeni wa kazi hii hufanya kinyume: aonapo yaanguka kushoto, huvuta usukani kulia, akaanguka upesi zaidi. Elimu hii haitoshi kuambiwa kwa maneno. Sharti mwili wenyewe uionje, tena mara nyingi. Lakini baisikeli ikishikwa na watu haiinami; na isipoinama, mwili utajifunza nini?

Labda mtu atauliza, “Je, mtoto aachwe avunjike mkono?” La, sivyo. Iko njia nyingine, tena ni ya zamani kuliko pedeli zenyewe. Mwaka 1817, katika mji wa Mannheim, Mjerumani aitwaye Karl Drais alipanda chombo alichokibuni, cha mbao, chenye magurudumu mawili, moja mbele na moja nyuma, kisicho na pedeli wala mnyororo. Alisukuma ardhi kwa miguu kama mtu aendaye mbio, kisha akaiinua akaserereka. Pedeli za kukanyaga zilienea baadaye, katika miaka ya 1860, huko Ufaransa. Basi tazameni: watu walijua kwanza kukaa juu ya magurudumu mawili wasianguke, kisha wakajua kukanyaga. Mwanafunzi naye afuate mpango huo huo.

Kwanza kiti kishushwe hata nyayo zote mbili zifike chini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Pili, pedeli zifunguliwe kwa spana. Kumbukeni kwamba ile ya kushoto hufunguka kwa kuzungushwa kama mishale ya saa iendavyo, na ile ya kulia kinyume chake. Tatu, breki zijaribiwe, maana vilima vya Njombe havina huruma. Kisha achague siku kavu, kwa kuwa udongo wetu mwekundu ukilowa huteleza mno, na mahali penye majani na mteremko mdogo. Hapo asukume kwa miguu, aiinue, aserereke. Atakapoweza kwenda mbali kidogo bila kugusa chini, pedeli zirudishwe.

Na kama baisikeli ni kubwa mno kwake? Watoto wengi wamekwisha kuivumbua dawa. Husimama kwa mguu mmoja juu ya pedeli, na kwa mguu wa pili husukuma ardhi. Wakizoea, hupitisha mguu chini ya kile chuma cha juu, wakakanyaga hali wamesimama. Hawakusoma habari za Drais, lakini njia yao ni moja na yake.

Iko pia baisikeli ya gurudumu moja, wapandayo wachezaji wa sarakasi. Haina usukani, nayo huangusha mtu mbele na nyuma, tena kushoto na kulia. Wengi waianzao hushika ukuta au ua kwa mkono, kisha huuachia. Angalieni tofauti: ukuta haumshiki mtu, mtu ndiye aushikaye, naye huuacha aonapo yu tayari.

Tena kicheko ni kibaya kuliko jeraha. Goti lililochubuka hupona kwa siku chache. Bali mtoto aliyechekwa mbele ya wenzake huweza kuiacha baisikeli maisha yake yote. Wasichana ndio wachekwao zaidi, na hao ndio wapelekao mahindi mashineni na wadogo zao zahanati. Amchekaye dada yake leo amemwongezea mwendo wa miguu wa miaka mingi.

Basi ukitaka kumsaidia ndugu yako, shika spana, tazama breki, ondoa mawe njiani, kisha kaa kando ukanyamaze. Akianguka, mwinue, umpanguse vumbi, umrudishie baisikeli mkononi mwake.